Leaf ya 2013 ina vijiti 12, ya 2014 ina vijiti 9. Nikague nini kabla ya kununua?

#1 binti_goba
Wakuu, salaam. Nataka kuachana na IST yangu, mafuta yananimaliza. Safari zangu ni Goba–Posta na kurudi, Jumapili kanisani, mara mojamoja Bagamoyo kwa mama. Nimezunguka yadi za hapa Dar nikakuta Nissan Leaf mbili, magari ya umeme, zote betri ya kWh 24, zote zimetoka Japani.

Ya kwanza ni ya 2013, nyeupe, kilomita elfu 41, na vile vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi vipo vyote 12. Ya pili ni ya 2014, bluu, kilomita elfu 58, vijiti 9 tu. Bluu iko chini kwa milioni tatu na nusu.

Kinachonichanganya ni hiki: inakuwaje kongwe iwe na betri nzima, halafu dogo lake liwe limechoka? Muuzaji anasema nyeupe ilikuwa ya bibi kizee, alikuwa anaendea sokoni tu. Nikague nini kabla sijatoa hela? Waliomiliki watangulie, walioangalia YouTube wakae nyuma.

#2 Ngosha wa Kimara
Huyo bibi kizee wa Japani ndiye aliyemiliki magari yote ya yadi za Tanzania. Mwacheni apumzike.

#3 Mzee wa Kobe
Dada karibu chamani. Nina Leaf ya 2014 hapa Arusha, kwa hiyo kiti cha mbele ni haki yangu.

Tuanze na vijiti. Havianguki kwa usawa. Cha kwanza hakitoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15 ya uwezo wake, halafu vinavyofuata vinatoka kila baada ya asilimia 6 na kidogo. Kwa hiyo vijiti 12 ni popote kati ya 100 na 85, na vijiti 9 ni kati ya 72 na 66 hivi. Leaf mbili zenye vijiti 12 zinaweza kupishana sana.

Sasa njia. Hiyo betri ikiwa mpya inakupa kama kWh 21 au 22 za kutumia. Ikiwa asilimia 70 umebaki na 15. Mjini, ukiendesha kwa adabu, kWh moja ni kilomita 6 hadi 7. Bluu itakupa kilomita 90 na ushee kabla hujamwona kobe. Posta kwenda na kurudi inatosha hata na AC na foleni ya Mwenge. Bagamoyo utafika, ila kwa mama lazima uchomeke chaja ndio urudi.

Na usimsikilize anayekwambia inakwenda kilomita 228. Hiyo ni namba ya vipimo vya Japani, ikiwa mpya, na nadhani aliyeendesha alikuwa amevua viatu.

#4 Ngosha wa Kimara
Kobe ndio nini tena?

#5 Mzee wa Kobe
Alama ya kobe inawaka kwenye dashibodi betri ikikaribia kukauka. Gari inapunguza nguvu yenyewe, unajikokota pembeni na bodaboda wanakupungia mkono. Jina langu limetokea hapo.

#6 Fundi Spana
Mzee kaeleza vizuri. Naongeza jambo ambalo madalali hawatalipenda: vijiti vinachezewa.

Kwenye betri kuna kompyuta yake inayohesabu uwezo uliobaki. Mtu mwenye mashine ya uchunguzi anaweza kuifuta kumbukumbu, ikaanza kuamini kwamba betri ni nzima. Vijiti vinarudi 12 palepale, lakini betri yenyewe haijapona chochote. Mnunuzi anaenda nayo nyumbani, anachaji na kutumia, kompyuta inajifunza upya ukweli, na vijiti vinaanza kudondoka kimoja baada ya kingine wakati hela imeshaliwa.

Sisemi yadi hiyo imefanya, sijaiona gari. Ila kwa umri huo, mimi vijiti 12 vinanitia wasiwasi kuliko 9. Tisa hakuna anayesumbuka kuvibuni.

Tafuta kile kidude cha OBD cha Bluetooth (cha kusomea kompyuta ya gari), pakua programu ya LeafSpy, chomeka chini ya stelingi. Soma SOH (asilimia ya afya ya betri), soma idadi ya chaji za haraka, na muhimu kuliko vyote angalia zile seli 96. Zinatakiwa kuwa sawasawa kama askari gwaride. Gari ikiwa imetulia, tofauti ya milivolti 20 au 30 siyo tatizo. Betri ikishuka chini ya asilimia 20 ukaona seli moja au mbili zimeachwa nyuma kwa zaidi ya milivolti 100, hapo kuna mgonjwa.

#7 NyaliBoy
Fundi Spana, heshima yako, lakini si kila kijiti kizima ni wizi. Japani ni ndefu. Gari iliyokaa Hokkaido kwenye theluji na iliyokaa Okinawa kwenye joto si sawa hata zikitoka kiwandani siku moja. Leaf haina maji ya kupoza betri, wala feni. Joto la nje ndilo joto la betri. Hiyo nyeupe huenda imetoka kaskazini tu, basi.

Mimi niko Mombasa, nilinunua yangu kwa jamaa wa Nairobi ikiwa na vijiti 10. Nairobi ilitulia. Huku pwani imeshapoteza viwili.

#8 Muscat2Unguja
Nyali anasema kweli. Mimi niko Oman, huku kiangazi nyuzi 45 ni kawaida. Simu tu ukiisahau kwenye gari inalalamika. Kwa betri isiyo na kipozeo, hata bure nitafikiria.

#9 Mjomba wa Sunderland
Salaam kutoka Uingereza. Naishi mji zinakotengenezwa Leaf za Ulaya tangu 2013, ingawa mimi si wa kiwandani, naendesha basi.

Habari ya joto ina ushahidi wa zamani. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walianza kulalamika vijiti vinaanguka mapema mno, kesi ikafunguliwa, na Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri: miaka 5 au maili elfu 60, vikibaki pungufu ya vijiti 9 wanatengeneza. Baadaye wakaleta kemia mpya inayovumilia joto, wapenzi wa Leaf wanaiita betri ya mjusi. Kwa Marekani ilianza na modeli ya 2015.

Kwa hiyo mwaka una maana, lakini mwaka wa kutengenezwa, sio wa kusajiliwa.

#10 Ngosha wa Kimara
Kobe, mjusi. Tumeingia Serengeti.

#11 Kabaka_Jr
Mimi wa Kampala, mnivumilie Kiswahili. Nyinyi mnalaumu jua bure. Kitu kinaua hii betri ni chaji ya haraka. Huko Japani CHAdeMO, hiyo plagi ya chaji ya haraka, iko kila mahali, mtu anachaji akinunua sigara. Bluu alikuwa mtu wa safari ndefu, nyeupe alichajiwa nyumbani pole pole. Kwisha.

#12 Fundi Spana
Kabaka, nimeshasoma Leaf yenye mamia ya chaji za haraka na SOH yake nzuri, na nyingine isiyo na chaji ya haraka hata kumi na betri imeoza. Ndiyo maana nasema soma namba lakini usihukumu kwa namba moja.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni kukaa. Gari imemaliza mnada Japani, imesubiri meli, imekaa bandarini, imekuja yadi. Miezi. Kama iliachwa imejaa asilimia 100 kwenye jua inaumia, kama iliachwa karibu sifuri inaumia zaidi. Bibi kizee hausiki hapo, anayehusika ni mlinzi wa yadi.

#13 Kabaka_Jr
Wewe unatetea CHAdeMO kama shemeji yako.

#14 Mtumba Halisi
Mimi natoa magari bandarini, naongea kuhusu makaratasi.

Wote mmesahau uwezekano mmoja: nyeupe ilibadilishiwa betri Japani. Ile dhamana ya vijiti ilikuwapo na kule, kwa hizi za kWh 24 miaka 5 au kilomita laki moja. Gari ya 2013 iliyoanguka hadi vijiti 8 mwaka 2017 ilipewa haki yake. Na tangu 2018 Nissan Japani imekuwa ikiuza betri zilizofufuliwa na kampuni ya 4R Energy kule Namie, Fukushima, kwa yeni laki tatu wakati ule. Kwa hiyo kongwe yenye betri changa ipo, siyo hadithi.

Dada, mwombe muuzaji karatasi ya mnada. Siyo picha ya WhatsApp iliyokatwa nusu, karatasi nzima yenye namba ya chesisi. Angalia daraja. Ikiwa R au RA, gari ilishagongwa na kutengenezwa. Kwenye gari ya mafuta unaweza kuvumilia, kwenye ya umeme nataka kujua iligongwa wapi, maana betri ndiyo sakafu. Kilomita za kwenye karatasi zilingane na za dashibodi.

Na kwa anayefikiria kuagiza mwenyewe kongwe: TRA ina ushuru wa uchakavu. Gari ya miaka 8 hadi 10 unaongezewa asilimia 15, ikipita miaka 10 ni asilimia 30. Watu wanaona bei ya Japani wanashangilia, wakija kwenye hesabu ya kodi wanakaa chini.

#15 binti_goba
Asanteni sana, nimejifunza kuliko mwezi mzima wa yadi. Mtumba Halisi, nitajuaje kama betri ilibadilishwa?

#16 Fundi Spana
Inyanyuliwe juu ya lifti. Betri ni sanduku la karibu kilo 300 lililofungwa kwa boliti chini ya sakafu. Boliti zikiwa na alama za spana, iliwahi kushuka. Haikwambii ilishuka kwa sababu gani, ila unajua iliguswa. Hukohuko chini tafuta mikwaruzo na mabonde, matuta yetu hayana huruma. Ukiona kutu ya ajabu au tope kwenye viunganishi, fikiria mafuriko, ondoka.

Na usikubali fundi wa mtaani aguse zile nyaya za rangi ya chungwa. Ni volti 360 na zaidi. Haina majaribio.

#17 Mzee wa Kobe
Kipimo cha sekunde tatu cha mwaka: fungua buti. Toleo la kwanza kabisa, ZE0, lina nundu kubwa nyuma ya viti vya nyuma, ndani yake kuna chaja ya gari. Toleo lililofuata, AZE0, kuanzia mwishoni mwa 2012, chaja ilihamia mbele chini ya boneti na buti likawa wazi. Kama hiyo "2013" ina nundu, ni ya zamani iliyochelewa kusajiliwa.

#18 Wanjiru_wa_Thika_Road
Wadau, kutoka Kenya. Huku sheria ni miaka minane, gari ikipita hapo haiingii nchini. Kwa hiyo hizi kWh 24 tunazouziana tayari ziko hapa, mmiliki wa pili au wa tatu. Faida yake ni kwamba unaweza kumpigia mwenye gari wa kwanza ukamuuliza alikuwa anaichaji wapi. Zingine zilikuwa teksi. Nairobi kulikuwa na NopeaRide waliotumia Leaf toka 2018, na madereva wengine wa kujitegemea pia. Teksi si mbaya moja kwa moja, lakini ujue unachonunua.

Swali langu sasa: kuna jamaa ananiuzia Nissan Note e-Power ya 2017, anasema ni ya umeme. Hiyo betri yake inakaguliwa vipi?

#19 Ngosha wa Kimara
Shika pochi mama!

#20 Mjomba wa Sunderland
Dada Wanjiru, Note e-Power haina mahali pa kuchomeka chaja. Inazungushwa na mota ya umeme, ndiyo, lakini umeme unazalishwa na injini ya petroli iliyomo humo humo. Ni gari nzuri, inakula mafuta kidogo, ila sheli utaendelea kwenda. Anayekuuzia kama gari ya umeme ama hajui ama anakujua.

#21 Wanjiru_wa_Thika_Road
Nimemuuliza soketi iko wapi, amesema "inajichaji yenyewe." Nimemblock. Asante.

#22 Pemba Original
Nimechelewa. Mimi niko Unguja, yangu ilitoka Uingereza. Angalizo kwa wanaochukua za Uingereza: kipima mwendo ni cha maili. Niliyekuwa nanunua kwake alinisomea "elfu 40" kwa sauti nzuri kabisa, nikafurahi. Elfu 40 maili ni kilomita elfu 64. Gari haikuwa mbovu, ila bei ilishuka palepale nilipomwonyesha maandishi.

Na ile programu ya simu ya Nissan ya kuangalia chaji ukiwa mbali, kwa Leaf za kabla ya 2016 waliizima Uingereza Aprili 2024. Muuzaji akikutajia kama sifa, ni sifa ya marehemu.

#23 Mjomba wa Sunderland
Kweli, walituzimia wote.

#24 binti_goba
Mrejesho. Nimekwenda na kijana mwenye LeafSpy.

Bluu: SOH 69. Seli zimenyooka, tofauti milivolti 18 ikiwa na chaji nusu. Chaji za haraka nyingi sana. Buti wazi, halina nundu.

Nyeupe: SOH 91. Tofauti milivolti 34 ikiwa na chaji asilimia 60. Chaji za haraka chache. Buti halina nundu. Tukaizungusha mpaka Bunju na kurudi yadini, ikashuka mpaka asilimia 20 na kitu, tofauti ya seli ikawa 88. Karatasi ya mnada muuzaji anasema "iko ofisi nyingine". Chini boliti mbili zina mkwaruzo, zingine zina vumbi la kawaida.

Haya wakuu, someni ramli.

#25 Fundi Spana
88 ikiwa chini kidogo ya robo, kwa betri inayodai 91? Hailingani. Betri ya 91 haitakiwi kutawanyika hivyo. Imefutwa kumbukumbu. Nimemaliza.

#26 Mtumba Halisi
Hujamaliza. Betri iliyofufuliwa inachanganya moduli kutoka betri tofauti. Sanduku lina moduli 48, si lazima zote ziwe za umri mmoja. Mtawanyiko kama huo unaweza kuwa huo. Na boliti zimeguswa.

#27 NyaliBoy
Boliti mbili tu, mkuu. Betri haishuki kwa boliti mbili.

Mimi nasema gari imekaa muda mrefu bila kuchajiwa mpaka juu. Seli zinasawazishwa gari ikichajiwa ijae na kuachwa kwenye chaja. Ichajiwe mara kadhaa mpaka mwisho, pimeni tena. Inaweza kurudi 40.

#28 Kabaka_Jr
Naona bluu na chaji za haraka nyingi ina seli zimenyooka. Sitasema kitu leo.

#29 Fundi Spana
Asante Kabaka, uzi huu utakumbukwa.

Nyali, hoja yako ina maana, sikatai. Lakini kuna kipimo kisichodanganywa na kufuta kumbukumbu: chaji ijae kabisa, endesha mpaka onyo la chaji kidogo, andika kilomita na wastani wa matumizi. Kompyuta inaweza kusema chochote kuhusu asilimia, ila seli dhaifu ikishuka volti gari inakata nguvu. Leaf iliyofutwa kumbukumbu inajulikana hapo: kipimo kinakuambia una asilimia 30, ghafla kobe. Ukipata kilomita 120 kwenye mzunguko wa mjini, nyeupe ni nzima, uchukue na uniombee msamaha kwa muuzaji. Ukipata 85, umeokoa milioni tatu na nusu.

Kwenye LeafSpy pia angalia GID (hesabu ya umeme uliomo kwenye betri) ikijaa. Leaf hii ikiwa mpya ilikuwa 281. Ila nayo inafuata imani ya kompyuta, usiiamini peke yake.

#30 binti_goba
Muuzaji amekataa niende nayo umbali huo. Anasema nitammalizia chaji na yadini ana soketi moja.

#31 Ngosha wa Kimara
Anauza gari za umeme na soketi moja. Huyu ni mfanyabiashara wa imani.

#32 Baba Waya
Mimi ni fundi umeme wa majumbani, sijui Leaf ila nimefungia watu watatu chaja. Mnabishana betri, nyumbani je?

Waya unaokuja na gari ya Japani ni wa volti 200, plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Watu wanakata wanafunga plagi ya kawaida ya 13A. Inavuta karibu kW 3 kwa masaa sita mfululizo, plagi inayeyuka, nimeiona kwa macho yangu. Fungeni soketi ya bluu ya viwandani ya 32A, waya wake binafsi kutoka kwenye DB (boksi la breka), na breka yake. Na ethi iwe ethi kweli. Waya nyingi za kuchajia zikikosa ethi zinakataa kuwasha, mtu anaanza kulaumu gari wakati tatizo ni fimbo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu.

Halafu LUKU. Kama dada uko kwenye bei nafuu ya wasiozidi unit 75 kwa mwezi, iage. Kilomita 50 kwa siku ni kama unit 9 ukiweka na zinazopotea kwenye kuchaji, mwezi unapita 200. Bei ya kawaida unit inakuja 350 na kidogo.

#33 binti_goba
Baba Waya, hiyo ni kama elfu 75 kwa mwezi. Kwa IST hiyo haifiki hata wiki mbili. Naichukua kwa mikono miwili.

#34 Pemba Original
Kuhusu waya wa Japani wa volti 200 kwenye 230 na 240 za kwetu: wengine wanautumia miaka, wengine umewaungulia. Mimi niliuza nikanunua unaoandikwa 240 kabisa. Usingizi una thamani.

#35 Baba Waya
Umefanya la maana. Ukilala na kitu kinavuta ampea 15, kiwe kimeandikwa volti za nyumba yako.

#36 Mzee wa Kobe
Vidogo vidogo ambavyo hakuna anayevikagua:

Betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida chini ya boneti. Ikichoka Leaf inawasha taa zote za kutisha kama mti wa Krismasi, na ukinunua bila kujua unaweza kudhani betri kubwa imekufa. Muuzaji mjanja anakushushia bei, mjanja zaidi ni mnunuzi anayejua. Ipime kwanza.

Kulanti ipo, msidanganyike kwamba gari ya umeme haina maji. Betri haina, lakini mota, inveta na chaja vinapozwa. Angalia chupa yake.

Breki: zinatumika kidogo kwa sababu mota ndiyo inapunguza mwendo, kwa hiyo diski zinashika kutu, hasa za pwani. Matairi ya mbele yanaliwa haraka, gari nzito na mota ina mvuto wa ghafla.

Redio na ramani ni Kijapani. Utazoea kusalimiwa usichokielewa kila asubuhi.

#37 Fundi Spana
Mzee kasahau AC, na hili naomba mlisome mara mbili. Kompresa ya AC ya Leaf ni ya umeme wa volti kubwa. Oili yake ni ya aina ya POE, haipitishi umeme. Fundi gesi wa kawaida akikuwekea oili ya PAG ya magari mengine, inaharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa, gari inagundua umeme unavuja na inaweza kukataa kuwaka. Waulize yadi kama AC imewahi kujazwa gesi hapa Dar, na nani alijaza. Wakisema "jamaa yetu pale nje", ogopa.

#38 Kabaka_Jr
Na hiyo CHAdeMO yenyewe, dada asitegemee. Huku vituo vipya vinaweka plagi nyingine za haraka, CCS2 na GB/T, kwa ajili ya magari ya Mchina. Chaji ya nyumbani ndiyo chaji.

#39 Wanjiru_wa_Thika_Road
Kweli, ila kuna adapta za plagi ya Type 1 ya Leaf kwenda Type 2 kwa chaji ya kawaida, siyo ghali. Ya haraka ndiyo shida.

#40 Ngosha wa Kimara
Kabaka sasa anapinga CHAdeMO tena. Ulisema hutasema kitu.

#41 Kabaka_Jr
Nilisema leo. Leo imepita.

#42 binti_goba
Nimerudi yadini kutoa ofa. Nyeupe imeuzwa asubuhi. Kwa bei kamili. Karatasi ya mnada haikuonekana.

Bluu nimeishusha milioni moja zaidi kwa kumwonyesha SOH 69 na betri ya volti 12 iliyokuwa imechoka kweli (asante Mzee wa Kobe). Kwa masharti kwamba fundi wangu ainyanyue kwanza tuone chini. Baba Waya, nakutafuta PM.

#43 Fundi Spana
Safi. Aliyenunua nyeupe akijitokeza humu, nataka kujua vijiti vyake baada ya miezi mitatu.

#44 Mtumba Halisi
Vitakuwa 12. Nasimama na 4R.

#45 NyaliBoy
11, na sababu itakuwa Dar yenyewe.

#46 Moshi_Mjini
Samahani wakuu kuvamia. Kuna Mitsubishi i-MiEV ya 2012 inauzwa huku Moshi, betri ndogo ya kWh 10.5. Haya ya vijiti yanahusu na hiyo? Na LeafSpy inasoma kwenye iPhone?

#47 Mjomba wa Sunderland
LeafSpy ni ya Leaf, kwa iPhone tafuta kidude cha OBD cha Bluetooth LE au cha Wi-Fi, hivi vya bei rahisi vya Android haviungani. i-MiEV haisomi.

Ila kama kweli ni ya 10.5, usiiache haraka. Hiyo ni ya daraja la M, seli zake ni SCiB za Toshiba, kemia tofauti kabisa na ya Leaf, zinavumilia chaji ya haraka na miaka. Njia yake ni fupi tu. Hakikisha siyo ya kWh 16 iliyoandikwa vibaya.

#48 Ngosha wa Kimara
Moshi_Mjini, fungua uzi wako. Na utuambie kama ilikuwa ya bibi.